Gia ya pili imevunjika, na macho ni yangu

Jumapili. Mawingu tangu asubuhi, na mvua inatishia kutoka upande wa ziwa lakini haiji. Iko kama watoto wangu wa Nairobi.

Tangu nitoke kanisani jana mchana sikusema na mtu, isipokuwa kuku mmoja niliyemtukana. Leo saa nne asubuhi ndipo nilipofungua mdomo, na mtu niliyemfungulia nilikuwa sijasema naye huu mwaka wa tisa. Nitafika hapo. Usinikimbize.

Ukurasa huu wa mtandao alinifungulia mjukuu wangu Atieno, aliye Nakuru, ambaye huniita Dani, yaani bibi. Aliniambia, "Dani, andika kila unachofikiria, utapunguza upweke." Nilimjibu kwamba upweke si nywele, haupunguzwi kwa mkasi. Lakini naandika. Nilifika darasa la nne, na la nne la zamani si sawa na la nane la siku hizi. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mke mwenzangu hajui kukisoma. Hiyo ndiyo sababu yote, sina nyingine.

Kwa wewe uliyeingia hapa leo kwa mara ya kwanza: mimi ni mhunzi. Ndiyo, mwanamke. Kibanda changu kiko nyuma ya nyumba, huku kwetu karibu na Rangwe, ukishika barabara ya Homa Bay. Mume wangu, Mzee Okelo, alijifunza kazi ya chuma katika karakana ya reli Kisumu, akaja nayo nyumbani. Mimi nilianza kwa kumzungushia feni ya kupuliza moto. Watu walicheka kwamba mwanamke amesimama kwenye tanuri. Walicheka mpaka majembe yao yakaisha makali, wakaacha kucheka wakapanga foleni.

Siku hizi majembe hununuliwa dukani. Mimi naletewa gia.

Gia za mashine ya posho, gia za kukamua miwa, na hasa gia za watu wa Migori wanaosaga mawe ya dhahabu. Fundi wa leth, mashine ya kuchonga chuma, hukata gia hiyo kutoka ekseli ya lori kuukuu, inakuja kwangu ikiwa laini. Ukiitia kwenye giaboksi hivyo hivyo, meno yake yataisha kama sabuni. Kwa hiyo naipika kwenye makaa mpaka sumaku ikatae kuishika. Nina sumaku ya spika ya redio, imefungwa kwa waya. Sumaku ikikataa, naichovya gia kwenye oili chafu, inalia, inatoka ngumu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo vijana huharibu. Chuma kikitoka kwenye oili ni kigumu, lakini ni kigumu cha kijinga. Kikigongwa kinakatika kama kigae. Lazima ukisugue kwa msasa mpaka king'ae, kisha ukirudishie moto kidogo, polepole, kwenye sufuria ya mchanga wa moto, ili kitoe kiburi. Hapo chuma huanza kuvaa rangi. Rangi inapanda moja baada ya nyingine, na kila rangi ina kazi yake. Ukitoa mapema, kitavunjika. Ukichelewa, kimekuwa laini tena, umefanya kazi bure.

Hakuna saa ya kupima. Kuna macho tu.

Mzee alinifundisha rangi hizo kwa vitu vya nyumbani. Ya kwanza ni chai ya rangi, nyepesi, kama ya mtu aliyekosa majani. Hiyo ni ya vitu vyembamba vya kukatia. Kisha inakuja kahawia ya mandazi yaliyoiva. Hiyo ni ya visu vya kazi na patasi. Kisha zambarau, lile tunda lenyewe likianza kuiva. Hiyo ndiyo ya gia, kwa sababu gia hupigwa siku nzima na haina mahali pa kukimbilia. Ikipita hapo inakuwa buluu, na buluu ni ya springi.

Mimi sipiki mandazi. Sijawahi. Mama yangu kule Magunga hakupika, nami sikujifunza. Lakini aliponiambia rangi ya mandazi nilielewa, nikaishika, nikafanya nayo kazi miaka thelathini. Sikuuliza mandazi ya nani.

Basi. Nimezunguka vya kutosha. Sasa niseme nilichofanya.

Baba Awino ni mwanamume mpole wa Migori mwenye mashine ya kusaga mawe. Ndani ya giaboksi yake kuna gia moja ndogo inayobeba taabu ya wenzake wote. Katika kila nyumba yuko mmoja kama huyo. Mwezi uliopita aliniletea gia hiyo mpya, nikaipika, nikaipa rangi, akaenda nayo. Baada ya siku sita akarudi. Meno matatu hayapo.

Nilimwambia papo hapo, bila hata kuishika, "Anayelisha mashine yako ametia jiwe zima. Au ametia nyundo."

"Mama, Ouma ni mtu mwangalifu."

"Mwangalifu, na meno yako wapi?"

"Nauliza tu, Mama, kama labda moto..."

"Moto wangu uliujua wewe lini? Chuma changu hakivunjiki. Nenda kaulize mtu wako."

Akaenda. Akamuuliza mtu wake, mtu wake akakana, naye akaniamini mimi kuliko Ouma. Ouma alifukuzwa kazi. Huyo si mtoto. Ana wajukuu kama mimi. Nilimwona mara moja tu, siku alipotumwa kuchukua gia nyingine. Alinisalimia kwa mikono miwili, akaniambia kibanda changu ni kisafi kuliko zahanati. Huyo ndiye niliyemtupia jiwe.

Sikulala vibaya. Naandika ukweli. Nililala vizuri sana.

Gia ya pili ilikatwa, nikaipika, nikaipa rangi, ikaenda. Alhamisi hii Baba Awino alirudi. Hakupiga kelele. Aliitoa kwenye gunia, akaiweka juu ya fuawe, na kando yake akaweka gia nyingine mpya ambayo haijapikwa. Ile ya pili ilikuwa imepoteza meno mawili, na la tatu lina ufa.

Akasema, "Mama, safari hii nilikuwa nikilisha mimi mwenyewe."

Basi. Akanywa maji niliyompa, akashukuru, akaondoka. Heri angenitukana. Matusi ningeyajibu.

Ijumaa sikuwasha moto. Nilikaa kwenye kibanda nikaitazama ile gia, nikajiambia labda chuma ni kibaya, labda ekseli ya lori ilikuwa imechoka. Nilitafuta mtu wa kumlaumu mpaka nikamaliza watu.

Jana Sabato nilikwenda kanisani. Akina mama wote tulikuwa tumepanga kuvaa vitambaa vya buluu kichwani, maana tunaimba. Nikafungua sanduku, nikatoa changu, nikakifunga, nikaenda nikiwa nimenyooka. Nilipoketi, yule mama anayetuongoza akaniinamia akaninong'oneza, "Mama, kuna msiba?"

"Msiba gani?"

"Umefunga nyeusi."

Nikamwambia hiki ni cha buluu. Alinitazama, akatazama wenzake, akasema, "Sawa, Mama," kwa ile sauti ya kumwambia mtoto sawa. Niliimba nyimbo zote mbili nikiwa kama kunguru katikati ya kanga. Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa nawaza gia.

Kwa sababu mimi najua. Nimejua tangu mvua za mwaka jana. Mambo yamekuwa kama mtu amepaka samli kwenye dirisha. Shati jeupe halina weupe. Maziwa yana rangi ya krimu kabla sijayachemsha. Buluu imekwenda, sijui imekwenda wapi, nikiitafuta naikuta nyeusi au kijani. Nilijiambia ni uzee, ni moshi, ni taa mbaya. Kama dunia yote kwangu imekwisha kuwa ya samli, chuma kinachong'aa kitafikaje mbele yangu? Kitafika kikiwa na rangi ya chai kabla hakijapata moto wowote. Kikipata chai, mimi naona mandazi. Kikipata mandazi, mimi naona zambarau, naitoa gia. Naitoa mapema. Naitoa ikiwa bado na kiburi chote.

Leo asubuhi baada ya uji nilichukua tupa, nikaipitisha kwenye jino zima la ile gia ya pili. Tupa iliteleza kama kwenye chupa. Haikushika hata kidogo. Gia iliyorudishiwa moto vizuri lazima ikubali tupa iiume japo kidogo, na hii haikukubali. Nikachukua ile ya kwanza, ile ya Ouma. Hiyo pia ni chupa.

Kwa hiyo si nyundo. Si jiwe. Si ekseli ya lori.

Nilikaa kitako kwenye sakafu. Mtu wa umri wangu akikaa sakafuni ni kazi kuinuka, kwa hiyo nilipata muda wa kufikiri.

Gia ya tatu ilikuwa pale, inangoja. Naweza kuipika bila macho: sumaku inaniambia, oili inalia, masikio yangu ni mazima. Lakini rangi nahitaji jicho. Na katika dala hii yetu, boma la mzee, kuna jicho moja tu zima, nalo ni la Nyar Mbita.

Nyar Mbita ni mke wa pili wa Mzee Okelo. Mimi ni Mikayi, mke wa kwanza, nyumba yangu inatazama lango. Yake iko upande wa kulia. Kati ya mlango wangu na wake kuna hatua thelathini na nane. Nimezihesabu kwa macho mara nyingi nikiwa naye uani tukianika nguo kila mtu na kamba yake. Sijazitembea tangu mazishi ya mzee.

Siku ile ya mazishi watu walipokuwa wamebaki wachache alinijia, akaomba kitu kimoja. Hakuomba shamba. Hakuomba koleo wala nyundo. Aliomba aproni ya ngozi ya mzee, ile ya kazi, akasema, "Ina jasho lake. Nitaiweka tu." Nami nilisimama mbele ya shemeji na majirani, nikamwambia maneno haya, nayaandika kama yalivyotoka: "Kwako alikuja kulala tu. Kwangu alikuja kufanya kazi na kuzungumza. Usikanyage kibanda changu." Kisha nikafunga kibanda kwa kufuli.

Alirudi kwake. Kuanzia hapo tukawa watu wawili wanaosikiana wakikohoa.

Leo nilikwenda mpaka kona ya nyumba yangu, nikarudi. Nikaenda tena, nikajifanya natafuta yai. Mikayi haendi kuomba, mke mdogo ndiye huja. Ndivyo nilivyokuta, na ndivyo nilivyofurahia. Mwishowe nikasimama katikati ya ua nikaita kama ninaita mbwa, Mungu anisamehe.

"Nyar Mbita. Njoo hapa."

Alitoka na unga mikononi. Alinitazama, akauliza, "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Njoo uangalie kitu."

"Kwani macho yako yako wapi?"

"Ndiyo hayo ninayokuitia."

Hakucheka. Alijifuta unga kwenye leso, akanifuata mpaka mlangoni mwa kibanda. Hapo akasimama, vidole vya miguu vikiwa nje kabisa ya kizingiti.

"Uliniambia nisikanyage hapa."

"Nilisema."

"Basi?"

"Basi kanyaga."

Aliingia. Moto ulikuwa tayari, maana nilikuwa nimeuwasha kabla ya yai. Nikaipika gia mbele yake mpaka sumaku ikakataa, nikaichovya, ikalia, moshi ukatujaa. Nikaisugua kwa msasa mpaka mkono ukauma. Nikailaza kwenye sufuria ya mchanga, nikamwambia, "Itabadilika rangi. Wewe niambie tu unaona rangi gani. Usiseme mengi."

Sikumwambia rangi ninayoitaka. Nilitaka yeye awe jicho, mimi niwe kichwa. Ndivyo nilivyopanga. Mawingu yalikuwa mazuri kwa kazi hiyo. Mzee alipenda siku kama hii, alisema jua huiba rangi.

Tukainamia sufuria. Mimi niliona chai. Nikaona inageuka mandazi. Moyo ulikuwa unaniambia koleo, koleo, kwa sababu kwangu sasa ilikuwa inaelekea zambarau. Nikanyoosha mkono.

"Unakwenda wapi?" akasema Nyar Mbita. "Hiyo bado. Hiyo ni chai ya mwalimu kabla ya mshahara."

Mkono wangu ulibaki hewani.

"Umesema chai?"

"Kwani si chai? Acha, inakuja." Alikuwa ameinama zaidi, mikono magotini, kama mtu anayechungulia sufuria yake mwenyewe. "Sasa ndiyo inaanza mandazi. Yale ya kwanza, mafuta yakiwa hayajashika moto. Subiri. Sasa yale yangu ya sokoni. Usiitoe, hiyo ni ya visu."

Nilimuuliza, "Yako ya sokoni?"

"Alikuwa akichukua moja asubuhi, anasimama nalo dirishani, analigeuza hivi. 'Hii ndiyo rangi ya kisu.' Nilikuwa namwambia kula, mzee, acha kupima, wateja wananingoja Rangwe. Anaweka chini, anachukua lingine lililoungua, ananiambia hili nalo limepita."

Miaka thelathini nimefanya kazi kwa rangi ya mandazi ya mwanamke huyu. Visu vyote vilivyotoka hapa, patasi zote. Nilidhani mzee aliitoa rangi hiyo kichwani mwake akanipa mimi peke yangu.

Nikasema, "Sikujua."

Hakuinua macho kutoka kwenye sufuria. Alisema polepole, bila hasira, kama mtu anayerudisha bakuli lililoazimwa, "Ulidhani alikuja kwangu kulala tu."

Mchanga ulikuwa unatoa sauti ndogo ndogo. Sikuwa na pa kuangalia. Niliangalia koleo.

"Zambarau," akasema. "Imeanza kwenye meno. Imeingia. Toa sasa, Mikayi, toa."

Nikatoa, nikachovya.

Ilipopoa nikapitisha tupa. Ilishika. Kidogo, kama paka anayeuma mkono wa mwenye nyumba, lakini ilishika. Nikampa yeye tupa aonje pia. Aliipitisha mara moja, akatikisa kichwa kwamba ndiyo, kana kwamba alikuwa akifanya hivyo kila Jumapili.

Nilitaka kusema asante. Kwetu neno hilo ni rahisi, hata kwa kondakta nalisema. Nikajikuta namwambia, "Una unga kwenye shavu."

Alipokuwa anatoka macho yake yalipita ukutani. Aproni ya mzee iko kwenye msumari wake mle mle, mimi huwa siivai, ni kubwa kwangu. Aliitazama muda mdogo sana, wa mtu aliyekwisha kuzoea kutazama vitu kupitia dirishani. Kisha akaenda zake. Hakuomba mara ya pili. Nami ningeweza kuishusha hapo hapo, ni mkono mmoja tu. Nilijishughulisha na makaa.

Ndiyo hivyo. Mimi mwenye kuwafundisha watu kutoa chuma kwa wakati wake.

Saa sita nilimpigia simu Baba Awino. Nilijua nikingoja kesho nitapata uongo mzuri. Nikamwambia gia iko tayari. Nikamwambia zile mbili za kwanza ziliharibika kwa macho yangu, si kwa mkono wa mtu yeyote, na kwamba Ouma hakutia nyundo.

Yeye akauliza,

"Na hii ya tatu, Mama, nani ameiona?"

"Mke mwenzangu."

"Ana macho?"

"Anayo. Na anajua kuliko nilivyodhani."

"Basi nitaijia Jumanne." Kisha akasema, "Na Ouma nimwambie nini?"

"Mwambie ni mimi."

"Hapana, Mama. Nitamrudisha kazini, hilo ni langu. Lakini hilo lingine mtu hujisemea mwenyewe. Nyumbani kwake ni karibu na kwangu. Uje na gia Jumanne, mimi sitakuja kuichukua."

Huyo ndiye niliyemwita mpole. Nilikaa na simu sikioni baada ya yeye kukata. Kusema kweli niliogopa. Nimewagombeza machifu, sikuogopa. Lakini kusimama mbele ya mtu aliyenisalimia kwa mikono miwili, nimwambie nilikunyang'anya kazi yako kwa sababu sikutaka kusema sioni, hilo ni lingine kabisa. Jumanne nitakwenda. Nimeandika hapa ili nisiweze kujifanya nimesahau.

Saa tisa nilirudi kibandani kufunika makaa. Juu ya fuawe kulikuwa na sahani imefunikwa kwa kitambaa. Mandazi manne. Hakuna aliyebisha, hakuna aliyeita. Alikuja nilipokuwa nimejilaza, akaweka, akaenda.

Nililiinua moja nikalipeleka mlangoni kwenye mwanga, kama alivyofanya mzee. Kwangu lilikuwa zambarau, ya gia kabisa. Nikalila. Nikala na la pili. Ni matamu, yana iliki. Miaka yote hii harufu hiyo ilikuwa inapita kwenye ua ikienda sokoni, nami nilikuwa nafunga dirisha.

La tatu na la nne nimeyaacha kwenye sahani. Sahani ni ya mtu, lazima irudi. Na kwetu sahani hairudi tupu.

Macho nitayapeleka hospitali Homa Bay. Wanasema ni jambo la kutoa utando, unatoka siku hiyo hiyo, lakini lazima uwe na mtu wa kukushika mkono wakati wa kurudi maana wanakufunga kitambaa jichoni. Nilipoambiwa hivyo mwaka jana na muuguzi, nilisema sitaki, nina kazi nyingi. Sikuwa na kazi nyingi. Sikuwa na mtu wa kunishika mkono.

Atieno ukisoma hii usinipigie simu kulia. Soma, ufunge, uendelee na masomo.

Mvua bado haijaja. Kwa Nyar Mbita namsikia akikohoa, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kuandika hapa ninatamani angejua kusoma, nisingehitaji kuyasema haya kwa mdomo.

Nimeishusha aproni kutoka kwenye msumari. Nimeipangusa vumbi, nimeikunja, nimeiweka chini ya ile sahani. Ni nzito kuliko nilivyokumbuka. Kesho kabla hajaweka mafuta yake motoni nitavuka ua. Hatua thelathini na nane, nazijua. Nitabisha.

Sijui mtu husema nini akishabisha.